Madame wa Kompyuta Kuukuu

Tulimwita Madame, basi. Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, ina akina Madame wengi, maana kila mwanamke aliyewahi kushika chaki hupewa jina hilo, lakini ukisema "mashini yangu imekataa, ninaipeleka kwa Madame," hakuna aliyekuuliza yupi. Jina lake la ubatizo nilikuja kulisoma siku moja tu, kwenye karatasi ya kanisa, na hata leo naona haya kulitamka.

Nilimkuta nikiwa na miaka thelathini na minne, na watoto wawili, na mume aliyekuwa amekwenda Mokambo, mpakani mwa Zambia, kutafuta bidhaa za kuuza akapata huko nyumba nyingine. Nilitaka kujifunza kupiga chapa ili niombe kazi ofisini. Madame alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye meza nne, mashini mbili za kupiga chapa za zamani, mashini ya fotokopi, na kompyuta ambazo kila moja ilikuwa na umri wa mtoto wa sekondari. Alinitazama vidole, si uso, akasema, "Kaa pale. Utaanza na mukono ya kushoto, njo iko muvivu," yaani huo ndio mvivu. Nilikaa pale, chini yake, miaka tisa.

Watu walidhani kazi yake ni kupiga chapa barua na kutoa fotokopi. Hiyo ilikuwa kazi ya kufungulia mlango. Kazi yake ya moyo ilikuwa kompyuta kuukuu zilizokataa mfumo mpya wa uendeshaji. Mjini mwetu kompyuta haitupwi. Hutoka ofisi ya mgodi ikaenda kwa karani, kwa karani ikaenda kwa mpwa wake, kwa mpwa ikaenda shuleni, na kila anayeipokea anataka iamke kama mpya. Basi mtu huweka mfumo mpya kwa kijiti cha USB alichoazimwa na rafiki, mstari wa buluu unatembea kidogo kwenye kioo, unasimama, kisha kunabaki weusi na maneno mawili matatu meupe ambayo hakuna anayeyaelewa. Hapo ndipo wanapofunga kompyuta ndani ya kikwembe, yaani kitenge, na kuibeba hadi kwa Madame kama mgonjwa.

Hakugusa kitu kabla ya kuuliza. Na swali lake la kwanza halikuwa kompyuta ina nini. Aliuliza, "Ndani iko nini?"

"Iko système ya zamani, Madame."

"Sikuulize système. Iko bintu gani ya bantu? Picha? Barua? Hesabu ya masomo?"

Wengi walisema hamna kitu, futa tu. Yeye hakufuta. Alitoa kila alichokikuta, akakiweka pembeni, akamwandikia mwenyewe orodha kwa kalamu, ndipo akaanza. Nimeona wanaume wazima wakiisoma orodha ile na kukaa chini polepole, kwa sababu kulikuwa na picha ya mtoto waliyodhani haipo tena duniani.

Sheria yake ya pili ilikuwa ya karatasi. Kompyuta ikisimama katikati ya kazi, haikuruhusiwa mtu kufinya kitufe chochote kabla ya kuandika maneno yote yaliyo kwenye kioo, herufi kwa herufi, hata kama ni Kiingereza na huelewi. "Inakuambia ugonjwa yake, weye unaifunga kinywa," alikuwa akisema. Alikuwa na madaftari ya shule yaliyojaa maneno hayo, na pembeni ya kila moja ameandika alichofanya na kilichotokea. Kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha kebo na kijiti kwa pamoja, na mashini ikapona, alikukasirikia kuliko kama ingekufa, maana sasa hujui ni kipi kilichoponya.

Alikuwa na namna yake ya kufungua kompyuta. Alivua viatu, akaenda dirishani, akashika nondo za dirisha kwa viganja vyote viwili, akasimama hivyo kidogo, akarudi. Fundi cherehani wa jirani, mtu wa maneno mengi, aliona jambo hilo kila siku hadi likamshinda. Akaja mlangoni na futi yake shingoni.

"Madame, samahani. Ule unaombaka pale pa dirisha, ni Mungu gani?"

"Siombe. Ninaachaka umeme ya mwili yangu pa chuma, ili isiue mashini."

"Mwili iko na umeme?"

"Ya mingi."

Fundi akafikiri. "Basi na mie nitaanza kushika chuma mbele ya kuingia kwangu. Pengine bibi atapunguza makelele."

Madame alicheka siku ile mpaka akaketi. Hakucheka mara nyingi, lakini akicheka alifunika macho badala ya kinywa.

Umeme wenyewe ulikuwa adui yetu mkubwa. Ukiwa katikati ya kuweka mfumo na umeme ukakatika, umepoteza siku, na pengine umepoteza diski. Wengine walitazama taa. Madame alisikiliza kinu cha kusaga mahindi kilichokuwa mtaa wa pili. Kinu kikiimba kwa sauti moja, alianza kazi. Sauti ikianza kushuka kama mtu anayesinzia, aliinua mkono, nasi tukaacha, na mara nyingi kabla ya nusu saa mtaa mzima ulikuwa kimya. Siku hizi tuna betri kubwa na paneli ya jua juu ya bati, sina haja ya kinu. Lakini hata leo siwezi kuanza kazi bila kunyamaza kwanza kidogo.

Nisimfanye mtakatifu, maana hakuwa. Kwa mashini alikuwa na subira ya ajabu. Kwa watu hakuwa nayo. Mteja akimwita "mama" alimrudisha mlangoni aanze upya kwa "Madame." Alikataza mtu yeyote kupiga mashini kwa kofi, na mimi mwenyewe nilimwona akiipiga ile ya fotokopi kwa kiatu, mara mbili, akitukana kwa Kiluba. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akakaa benchi la mwisho, na katika miaka yote ile sikumsikia akiimba hata wimbo mmoja. Na jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili: aliwatengenezea watu wote nakala mbili, nakala tatu za vitu vyao, akawafokea wasiokuwa nazo, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kitu. Hakuwa na picha, wala barua, wala hata namba ya simu iliyoandikwa. Nilipomuuliza alisema, "Nani atavitafuta?" kisha akaniagiza karatasi.

Sasa niseme juu ya mzee katekista, kwa sababu bila hilo hutamjua Madame.

Mzee huyo alikuwa mjane. Wazazi wake walitoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli, naye akabaki mjini akifundisha katekisimu miaka mingi. Alileta kompyuta ya mezani iliyokuwa nzito kama jiwe la kusagia, akasema mwanawe amemwambia iwekwe mfumo mpya, kwa sababu ule wa zamani haufungui tena kitu. Siku hiyo Madame alikuwa amekwenda hospitali kumwona dada yake. Nilikuwa peke yangu, na nilikuwa nimeshaona kazi ile mara mia. Nikamwambia mzee aache, arudi kesho.

Sikuuliza ndani iko nini.

Nilitia kijiti, nikachagua kusafisha diski yote, nikafinya ndiyo. Mstari ukatembea. Ukasimama. Kioo kikawa cheusi, na juu kabisa kulikuwa na sentensi moja. Nikawasha tena, ikarudi sentensi ileile. Nikajaribu kijiti kingine, vilevile. Mfumo wa zamani ulikuwa umefutwa na mpya haukuingia. Nikaiacha ikiwaka, nikaketi kumngoja Madame.

Madame alirudi saa tisa. Alisoma ile sentensi, akaniuliza kichwa cha kompyuta ni cha aina gani, yaani ile processeur, kijiwe kinachofikiri, nikamwonyesha maandishi kwenye kasha.

"Haiko mugonjwa," akasema. "Iko muzee tu. Hii système mupya inaomba processeur ingine. Hata ungerudia mara mia, itakataa mara mia." Kisha akanitazama. "Na bintu ya muzee uliiweka wapi?"

Nikamwonyesha kijiti kwa kidole. Alielewa. Alivuta kiti, akaketi, akavua miwani, akaiweka mezani, wala hakunifokea. Heri angenifokea.

Mzee alikuja asubuhi yake amevaa shati la misa. Akauliza kama imepona. Tena akasema, kabla hatujamjibu, "Bibi yangu, mama ya batoto, alikuwa anaandikaka mule barua, wakati alikuwa mugonjwa. Batoto batano. Kila mutoto barua mbili: moja ya siku ya ndoa, moja ya siku atazaa wa kwanza. Mutoto wa kwanza anaoa mu mwezi ya nane. Njo sababu nilitaka ifunguke."

Nilifungua kinywa. Madame akanitangulia.

"Papa, kuko shida. Disque ilisafishwa. Ni mie nilifanya. Ni mukono yangu."

Mzee aliitazama kompyuta, kisha akamtazama yeye. "Yote?"

"Sijue bado. Unipatie majuma tatu. Usinishukuru na usinilaumu mbele ya hapo."

Aliitoa diski, akaifunga kwenye mashini nyingine, na sharti lake lilikuwa moja: tusome tu, tusiandike juu yake hata nukta. Alinieleza kwamba kufuta ni kama kuchana jedwali la yaliyomo mbele ya kitabu. Kurasa zenyewe bado zipo, mradi hujaandika juu yake. Ile sehemu ambayo mfumo mpya ulikuwa umeshaingia ilikuwa imekwenda. Iliyobaki ilibidi ikusanywe. Programu ya kuokoa vilivyofutwa ilituletea maelfu ya vipande visivyo na majina, namba tupu, na kila kimoja tukakifungua kwa mkono. Vingi vilikuwa takataka. Na Madame aliweka sheria nyingine hapo: "Soma musitari ya kwanza tu, ujue ni nini, kisha funga. Haya maneno haiko yetu."

Tulikaa majuma matatu bega kwa bega, macho yakiwasha. Chakula chetu kilikuwa bukari baridi, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo aliyoileta kwa bakuli lenye mfuniko. Nakumbuka alivyokuwa akishusha pumzi kwa pua kila tulipopata barua. Tulipata tisa kamili. Ya kumi ilikatika katikati ya sentensi. Halafu, siku mbili kabla ya mzee kurudi, tukafungua kipande kilichoanza hivi: *Kwako, mume wangu, ukiisoma hii nitakuwa nimenyamaza.* Mzee alikuwa amesema barua ni kumi. Hii ilikuwa ya kumi na moja, na hakuijua.

Tukaifunga. Madame aliinuka akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwangu, muda mrefu.

Ile iliyokatika ilinisumbua. Ilikuwa ya binti wa mwisho, ya siku ya ndoa. Nikasema tungeweza kuweka sentensi moja ya kufungia, kitu kizuri, mtoto asijue. Madame akageuka kwa ukali.

"Hapana. Hatutungie mufu maneno. Pale alinyamaza, na shiye tunanyamaza."

Akaichapa kama ilivyo, na sehemu nyeupe ikabaki nyeupe. Mzee alipokuja alizipokea zote ndani ya bahasha kumi na moja. Alipoona ile yenye jina lake hakuifungua. Aliitia katika mfuko wa shati, akaushika kwa kiganja, akatoka hivyo, akasahau kompyuta. Ilibidi tumpelekee siku nyingine. Madame alikuwa ameiwekea mfumo mwepesi, wa miaka ya kijiwe chake, nayo ikaamka bila kulalamika.

Nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye. Alikuwa akikunja kebo.

"Weye uko na batoto wa kulisha na jina ya kutengeneza. Mie bantu balishanizoea."

Lakini usidhani alinisamehe upesi. Miezi mitatu hakuniruhusu kushika bisibisi. Mbele ya watu alinisitiri, tukibaki wawili aliniadhibu kwa kimya. Siku aliponirudishia bisibisi aliiweka tu juu ya meza yangu, bila neno, akaendelea na kazi yake. Nililia chooni kama msichana.

Aliondoka asubuhi ya kawaida. Dada yake alikuwa amehamia Lukafu, kwenye mashamba ya ukoo, na ugonjwa ulikuwa umemshika tena. Madame alinipa ufunguo wa chumba na yale madaftari. Akasema, "Nitarudia akipona." Alibeba mfuko mmoja.

Dada hakupona. Habari za kifo zilinifikia kwa dereva wa lori la mahindi, na wiki ile binti yangu alikuwa akifanya mtihani wa serikali. Sikwenda kwenye matanga. Nikasema nitakwenda mwezi ujao. Mwezi ukawa mvua, barabara ikawa tope, mvua ikawa mwaka. Simu ya Madame ilikuwa haipatikani, na kadiri siku zilivyopita ndivyo aibu ilivyoota mizizi. Unamwendea vipi mtu aliyebeba kosa lako, nawe ukakosa kubeba hata msiba wake? Nilikuwa nikipita mbele ya kiti chake chumbani bila kukikalia. Wateja wapya waliniita Madame, nami kila mara niligeuka nyuma kumtafuta.

Miaka minne ilipita hivyo. Kiangazi kilichopita nilipanda lori kwenda Lukafu, nimepakata kompyuta ndogo ya mkononi, kuukuu, ya shule moja ya mtaani, iliyokataa mfumo. Niliikinga na vumbi kwa kikwembe njia nzima.

Nilimkuta mchana, amekaa kivulini mwa ukuta wa jikoni, anamenya karanga kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, na aliinua uso kuelekea hatua zangu, si kuelekea mimi.

"Ni nani?"

"Ni mie, Madame. Mama Mwape."

Vidole vyake vilisimama. "Mama Mwape wa mukono ya kushoto."

"Njo mie."

"Kaa."

Nilikaa juu ya mkeka. Maneno ya pole niliyokuwa nimeyapanga tangu Lubumbashi sikuyatoa; badala yake nikasikia sauti yangu ikisema haraka haraka kwamba nimeleta mashini, imenishinda, mfumo haukubali kuingia, ninaomba msaada wake. Akafuta viganja kwenye kikwembe.

"Nisomee."

Nikaiwasha, nikamsomea. Akauliza kama nimejaribu kijiti kingine. Nikasema ndiyo. Akauliza diski. Nikasema ni nzima.

"Inasimamaka pa fasi moja, ao kila mara pa fasi ingine?"

"Kila mara pa fasi ingine."

Kuku alipita kati yetu. "Ilete," akasema.

Nikampa. Aliigeuza chali juu ya mapaja, akapapasa mgongo wake kwa ncha za vidole, polepole, hadi akafika kwenye kifuniko kidogo cha chini, kile kinachofunika memori. Akagusa parafujo moja, ya pili, akairudia ya kwanza. Akaizungusha kwa ukucha. Ikazunguka.

"Hii vis ni laini," alisema. "Ilifunguliwa sasa hivi, haina hata vumbi. Mashini inasimama kila mara pa fasi ingine, ni barrette ya mémoire njo mubaya. Mutu mwenye alifungua hapa aliona. Aliitoa, mashini ikatembea. Kisha akairudisha ile mubaya mu fasi yake, akafunga." Aliinua macho yake meupe. "Ni weye."

Sikuweza kukana. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeitengeneza Kamalondo siku tatu kabla, ikaamka, ikakubali mfumo wote. Nikakaa mbele yake, nikaitazama, kisha nikaifungua tena na kuirudishia ugonjwa wake, ili niwe na kitu mkononi nitakapofika.

"Sikukuya pa matanga," nilisema. "Nilipata haya ya kukuya mikono mitupu, Madame."

Alifunika macho kwa kiganja, nami kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Kisha alifunga kompyuta, akaisukuma pembeni ya mkeka, akautafuta mkono wangu hewani mpaka akaupata.

"Ungekuya tu, mwana yangu," alisema. "Ungekuya tu."